MIFUPA YA MASHINE NA DAKTARI WA MIFUGO WETU



Wengi wetu kuanzia Ibanda na Kasese hadi Bwera tuna kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kiwandani au shambani, ambayo tunalipwa mshahara. Ya pili ni mifugo nyumbani. Mshahara ukichelewa, mbuzi ndiye anayelipa ada ya shule. Mama akienda hospitali, ng'ombe ndiye anayeuzwa. Kwa hiyo elimu ya daktari wa mifugo si habari ya wasomi peke yao, bali inagusa mfuko wa mfanyakazi. Leo napenda kueleza njia mpya ya kumfundisha daktari huyo kwa kutumia mifupa iliyotengenezwa na mashine, na kwa nini jambo hili linatuhusu.

KWA NINI DAKTARI AANZE NA MIFUPA?

Mfupa ndio ramani ya mwili. Nyama hufunika na ngozi huficha, lakini mfupa unagusika kwa mkono hata mnyama akiwa hai. Ng'ombe ana mifupa zaidi ya 200. Shingoni ana pingili 7, sawa na mtu, na sawa pia na twiga mwenye shingo ndefu. Mbavu zake ni jozi 13, lakini mtu ana jozi 12. Meno ya mbele ya juu hana kabisa.

Chukua mfano tunaoujua sote. Ng'ombe amekula majani mabichi yenye umande, tumbo limejaa gesi, na anakaribia kufa. Gesi ikizidi na njia nyingine zikishindikana, daktari hutoboa tumbo ili itoke. Atoboe wapi? Upande wa kushoto kuna shimo lenye pembe tatu, kati ya ubavu wa mwisho, mfupa wa nyonga, na pingili za kiuno. Anayeijua mifupa hiyo kwa vidole atapapata mahali pake hata usiku. Aliyeiona katika picha tu atasitasita, na huku ng'ombe anakufa. Ndama akikwama wakati wa kuzaliwa ni vivyo hivyo: daktari lazima ajue upana wa mlango wa nyonga kabla ya kuvuta.

MIFUPA YA KWELI NA TAABU YAKE

Tangu zamani wanafunzi wamejifunza kwa mifupa ya wanyama waliokufa. Ndivyo ilivyo katika vyuo vikubwa vya Afrika Mashariki: Kabete huko Nairobi, ambako mafunzo ya shahada yalianza mwaka 1962, Makerere iliyoanzisha kitivo chake cha udaktari wa mifugo mwaka 1971, na Morogoro mwaka 1976. Mfupa wa kweli ni mwalimu mzuri, lakini una taabu zake. Lazima uchemshwe, ukwanguliwe nyama, utolewe mafuta kwa dawa kali na kusafishwa. Ukishikwa na wanafunzi mwaka baada ya mwaka huvunjika. Wanafunzi wakiwa wengi, fuvu moja hugombewa na watu ishirini.

Tena tuulize: nani anayechemsha na kukwangua? Si profesa. Ni mfanyakazi wa maabara, mwenzetu. Yeye ndiye anayevuta mvuke wa dawa. Na mahali ambapo viungo vyenye nyama huhifadhiwa kwa fomalini, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2004 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitamka kwamba fomaldehidi, ambayo ndiyo kiini cha fomalini, inaleta saratani kwa binadamu.

Kuna pia magonjwa. Sisi wa Kasese hatuhitaji kuhubiriwa habari za kimeta. Mwaka 2004 na 2005 ugonjwa huo uliua viboko zaidi ya 200 katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mbegu za kimeta hukaa udongoni miaka mingi bila kufa, na hukaa pia katika ngozi, sufu, kwato na mifupa. Wafanyakazi wa dunia wamelijua jambo hili kwa vifo vyao. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya sufu huko Bradford, Uingereza, walikufa kwa kimeta walichokivuta pamoja na vumbi. Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, moja ya mapendekezo yake ya kwanza lilihusu kuzuia kimeta. Mwaka 1925 mkataba wake wa fidia ya magonjwa ya kazini ulitaja mambo matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Kushika mifupa na mizoga, basi, ni kazi yenye hatari inayotambuliwa tangu zamani.

MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Neno "kuchapa" lisitupotoshe. Hapa hakuna fimbo wala karatasi. Kwanza mfupa mmoja wa kweli, uliosafishwa vizuri, hupigwa picha pande zote kwa chombo cha mwanga. Kompyuta huziunganisha picha hizo ikapata umbo kamili la mfupa, na kila kilima na kila bonde lake. Kisha umbo hilo hukatwa ndani ya kompyuta kuwa matabaka membamba sana, kama vipande vya mkate.

Hapo ndipo mashine inapoanza kazi. Inavuta uzi wa plastiki, inauyeyusha kwa joto la digrii 200 hivi, na kuutandaza tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja huwa na unene wa karibu sehemu mbili za kumi za milimita. Mwashi hupandisha ukuta kwa mistari ya matofali, na mfinyanzi hupandisha chungu kwa mikunjo ya udongo. Mashine hii inafanya kazi ile ile, ila kwa subira kubwa zaidi. Mfupa mkubwa huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati kazi inaweza kuharibika. Aina moja ya plastiki inayotumika sana hutokana na mahindi au miwa.

Mojawapo ya njia za mwanzo za kuchapa vitu hivi ilibuniwa Marekani na Charles Hull, aliyepewa hataza yake mwaka 1986. Nchini Uganda mashine za namna hii si ngeni. Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, imezitumia kutengeneza sehemu za miguu ya bandia.

JE, MFUPA WA MASHINE UNAAMINIKA?

Mwaka 2018 watafiti wa China walitoa taarifa ya kazi yao. Walichapa mfupa wa paja la ng'ombe, ubavu wa tano, na pingili ya sita ya shingo, kwa ukubwa wake halisi. Walipolinganisha na mifupa yenyewe waliona tofauti ndogo mno. Alama zote zilionekana isipokuwa vile vitundu vidogo ambamo mishipa ya damu huingia mfupani. Wanafunzi nao walisema mifupa hiyo inafaa kujifunzia.

Tuyatazame matokeo hayo kwa pande zote mbili. Faida ni kwamba mfupa wa mashine hauna ugonjwa, hauna harufu, na ukivunjika unachapwa mwingine. Umbo lililomo katika kompyuta laweza kutumwa kutoka Kampala hadi Kasese kwa dakika chache. Kasoro ni kwamba plastiki haina uzito wa mfupa, vitundu vidogo hupotea, na hakuna mashine inayofundisha jinsi ng'ombe mwenye uchungu anavyopiga teke. Mfupa wa mashine ni ngazi ya kumfikia mnyama hai, na mwanafunzi asiishie kwenye ngazi.

SISI TUDAI NINI?

Kwanza, chombo hiki kisiwe sababu ya kumfukuza mfanyakazi wa maabara. Aliyekuwa akichemsha mifupa ndiye anayeijua, basi afundishwe yeye kwanza kuitumia mashine. Na maadamu mifupa ya kweli na fomalini bado vinatumika, apewe glovu, kinga ya pua na hewa safi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Pili, mifupa inayochapwa iwe ya ng'ombe wetu pia. Ng'ombe wa Wasongora mwenye pembe ndefu hana fuvu sawa na la ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Daktari atakayetibu huku ajifunze kwa mnyama wa huku.

Tatu, mafunzo yasogee karibu. Mto Mubuku unazungusha mitambo ya umeme Bugoye, jirani kabisa na Ibanda. Haifai umeme utoke kwetu, na mtoto wa mfanyakazi wa kwetu akose hata fuvu la plastiki la kujifunzia.

Nne, jambo hili halingoji mashine yoyote. Mnyama akifa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usile nyama yake, wala usiokote mifupa yake. Wazuie watoto na mbwa, kisha umwite daktari wa mifugo mara moja. Nyama ya bure imewaua wengi.

Wawakilishi wa matawi waisome makala hii kwa sauti katika mkutano, kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma.

Umoja ni nguvu.