Fangasi, Kisukari na Kidonge Kimoja Kinachozua Balaa

Joto la Lamu likichanganyika na unyevu wa bahari, fangasi hustawi: choa mgongoni, vidole vya miguu ya wavuvi vilivyochubuka, mapunye vichwani mwa watoto. Krimu ikishindwa, daktari huandika vidonge, na mara nyingi huwa ni flukonazoli.

Ni dawa njema. Tatizo lake liko kwenye ini, ambako vimeng'enya huvunjavunja dawa ili mwili uzitoe. Flukonazoli huzuia baadhi yavyo. Mgonjwa akiwa tayari anatumia dawa nyingine inayovitegemea vimeng'enya hivyo, dawa hiyo hurundikana damuni, ingawa hajaongeza hata kidonge kimoja.

Chukua glibenklamidi, dawa ya kisukari iliyozoeleka nchini Kenya. Ikikutana na flukonazoli, sukari inaweza kushuka mno: mwili hutetemeka, jasho humtoka mgonjwa, maneno humpotea, kisha huzimia. Mwezi wa Ramadhani, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri, hatari huzidi. Kwa mkazi wa Ndau au Kiwayu, kufika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni safari ya bahari, na kusi likivuma si kila chombo kitathubutu kutoka. Ndiyo maana swali la "unatumia dawa gani nyingine?" liulizwe pale pale dawa inapotolewa, na mgonjwa aje na pakiti zake zote, hata za presha.

Dunia ililijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamke aliyemeza ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, pamoja na terfenadini, dawa ya mzio, mapigo ya moyo wake yakavurugika vibaya. Terfenadini iliondolewa sokoni nchini humo mwaka 1998.

Dawa nyingine hufanya kinyume. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha kuondoka kwa flukonazoli mwilini, na fangasi wakabaki hawajapona.

Kumaliza dozi hakumalizi jambo papo hapo: flukonazoli huchukua takriban saa 30 kupungua kwa nusu, hivyo athari yake kwa dawa nyingine huendelea kwa siku kadhaa.

Na dawa isiyomezwa kama kidonge je? Krimu ya ngozini kwa kawaida huingia damuni kidogo mno. Lakini jeli ya mikonazoli, nayo dawa ya fangasi, ya kupaka mdomoni humezwa kiasi, na kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, imewahi kusababisha kuvuja damu kukubwa. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo hilo mwaka 2016.