Dereva Ndani ya Kompyuta: Namna Kazi Yake Inavyorahisishwa



Katika somo la informatike tunajifunza kuandika barua na kupiga hesabu kwa kompyuta. Lakini wengi wameuliza: klavie, panya, kioo na kifaa cha kukamata Wi-Fi vimetoka katika viwanda mbalimbali, sasa kompyuta inajuaje kusema na kila kimoja? Tumeona vema kueleza jambo hilo, hasa juu kompyuta nyingi zinazofika kwetu Luvungi, zikipitia Bukavu ao Uvira, ni za okazio. Zimefanya kazi kwingine miaka mingi kabla ya kutufikia, na kuishi kwao kunategemea sana jambo hili.

KIINI NA DEREVA

Kila kompyuta ina programu kubwa inayosimamia zingine zote, kama vile Windows ao Linux. Katikati yake kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinagawa memori, ndicho kinaamua programu gani ifanye kazi sasa na gani ingoje. Lakini kiini hakijui desturi ya kila kifaa. Kwa hiyo kila aina ya kifaa ina programu yake ndogo, nayo inaitwa dereva. Kwa Kifaransa wanamuita piloti. Ni sawa shofere wa lori: msafiri anasema tu "twende Uvira", na shofere ndiye anajua vitesi na breki za gari lake.

Tutachukua mfano wa Linux, juu maandishi yake yako wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchi ya Finland. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari karibu 10,000. Leo mistari inapita milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni ya dereva.

Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walipima makosa ndani ya Linux. Waliona kwamba katika dereva makosa yanaweza kuwa mara 3 hata mara 7 kuliko katika sehemu zingine. Na kosa la dereva si mchezo. Kwa kuwa anafanya kazi ndani ya kiini, akianguka anaweza kuangusha kompyuta yote, pamoja na barua uliyokuwa unaandika.

KWA NINI DEREVA ANAKOSEA?

Tufikiri siku ya salongo. Mwanafunzi anaingia depo kuomba jembe, halafu karai, halafu kamba. Kama kamba imekosekana, kazi haiwezekani: lazima arudishe karai, arudishe jembe, ndipo aende. Kama ni karai ndiyo imekosekana, arudishe jembe tu. Akisahau, kitu kinapotea, na mwenzake anayekuja nyuma atakikosa.

Dereva naye anapoanza kazi anaomba vitu: memori, saa ya kupimia mwendo, na kengele. Kengele ni ile ishara ambayo kifaa kinapiga ili kusema "niko na habari". Zamani dereva aliandikwa hivi:

   Omba memori. Ikikosekana, toka.
   Omba saa. Ikikosekana, rudisha memori, toka.
   Omba kengele. Ikikosekana, rudisha saa, rudisha memori, toka.

Na siku kifaa kinapoondolewa, rudisha vyote tena. Hapa ni vitu 3 tu. Dereva mwenye vitu 8 ana njia 8 za kushindwa, na kila moja ina orodha yake ya kurudisha. Mwandishi mara nyingi anajaribu njia ile nzuri peke yake, kwa maana zingine hazipitiwi mara kwa mara. Ndiyo sababu kosa linaweza kulala humo miaka bila kuonekana.

DAFTARI LA DEPO

Mwaka 2007 Tejun Heo aliingiza dawa katika Linux. Tuseme mlinzi wa depo amefungua daftari. Kila kitu kinachotoka anakiandika kwa jina la aliyekichukua. Mtu akimaliza, ao akishindwa katikati, mlinzi anafungua daftari na kurudisha vyote, akianza na kile kilichotoka mwisho. Katika Linux kiini ndicho mlinzi. Sasa dereva anaandika hivi tu:

   Omba memori. Ikikosekana, toka.
   Omba saa. Ikikosekana, toka.
   Omba kengele. Ikikosekana, toka.

Hesabu ya kurudisha imeandikwa mara moja ndani ya kiini, kwa ajili ya dereva wote. Kila dereva anabaki na yale ya kifaa chake tu. Tunakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6, namna mitume walivyowachagulia watu saba kazi ya mezani ili wao washike ile yao.

KADUDU KENYE MADOA

Lakini nani atasahihisha dereva wa zamani, maelfu na maelfu? Watafiti wa Ufaransa na Denmark, na kati yao Julia Lawall, walitengeneza programu inayoitwa Coccinelle. Unaiandikia kanuni moja: "ukiona maneno ya namna hii, yageuze kuwa ya namna hii". Nayo inapita katika maandishi yote na kuyageuza. Jina hilo ni la kale kadudu kekundu kenye madoa meusi kanakokula tududu twa mimea. Waandishi wa programu wanaita kosa "mdudu", kumbe wamempata wa kumla!

KUFUPISHA SI KUKATA OVYO

Iko hatari moja. Daftari la depo linafunguliwa mwisho kabisa, dereva akiisha kumaliza. Tuseme mtu amemwachia mlinzi kengele, lakini memori anairudisha yeye mwenyewe kwa mkono mapema. Kifaa kinaweza kupiga kengele katikati hapo, dereva anakimbia kuitika, na memori haipo tena. Maandishi yamekuwa mafupi, lakini kompyuta inaanguka. Kwa hiyo anayerahisisha ajue kwanza mpangilio wa kazi, na kama inawezekana ajaribu kwa kifaa chenyewe.

INATUHUSU NINI?

Dereva anayeeleweka na mwandishi wake peke yake ni yatima siku mwandishi anapoondoka. Kadiri anavyowapa wengine mzigo, ndivyo wanavyofikiri kumtoa. Mwezi wa 12 mwaka 2012 Linux iliacha kuzisaidia kompyuta zenye kichwa cha 386, kilichotoka mwaka 1985, kwa maana kilikuwa kinaongeza kazi bure. Mwaka 2018 jamii 8 za vichwa vya kompyuta zilitolewa kwa pamoja, juu hapakuwa tena na wenye kuzitumia na kuzitunza.

Lakini dereva mfupi, mwenye kusomeka, mtu wa mbali asiyemjua mwandishi anaweza kumfungua, kuona kosa na kulitengeneza. Hivyo kifaa ambacho kiwanda kimekwisha kukisahau kinaendelea kufanya kazi, na kompyuta ya okazio inaweza kumfundisha mtoto wa Luvungi miaka mingine.

Mwenye swali alilete kwa komite ya gazeti. Tutalijibu katika namba inayofuata, Bwana akipenda.