Bobini, Breki na Gia: Fizikia ya Kuchagua Mashine ya Mshipi

Msafiri atokaye Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilometa 60 hivi, huukuta Mto Ruhudji ukiporomoka juu ya miamba karibu na mji. Hapo maji ni ya baridi na mto bado ni mchanga. Lakini mto huo huo hushuka kutoka milimani hadi bonde la Kilombero, ukaungana na Mto Mnyera. Huko chini huishi samaki wa jenasi Hydrocynus, mwenye milia myeusi ubavuni na meno yaliyochongoka kama misumari. Mwaka 1986 spishi moja ya samaki hao ilielezwa kitaalamu, ikapewa jina la nchi yetu: Hydrocynus tanzaniae. Wavuvi wa michezo husafiri kutoka mabara mengine ili kumjaribu samaki huyu, na baadhi yao huja na mashine ya mshipi ya aina tutakayoieleza hapa.

Mashine hiyo ni ghali. Anayeinunua kwa kutazama rangi na mng'aro wake aweza kutumia akiba ya miezi mingi, kisha akaona mshipi umekuwa fundo siku ya kwanza. Kinga yake imo katika somo la fizikia la shule ya sekondari.

Mashine yenyewe

Mashine za mshipi ni za aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, bobini haizunguki wakati wa kurusha; mshipi huchomoka kutoka ukingoni mwake. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya makala haya, bobini hulala kwa kukingama juu ya ufito na huzunguka yenyewe chambo kinapouvuta mshipi. Mvuvi huituliza kwa kidole gumba.

Asili yake ni kazi ya mafundi saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, fundi saa George Snyder wa mji wa Paris, jimbo la Kentucky, Marekani, alitengeneza mashine ambayo mzunguko mmoja wa mkono wake ulizungusha bobini mara kadhaa. Huko Sweden, kampuni ya ABU, iliyoanza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa, ilitoa mwaka 1952 mashine ya Ambassadeur iliyopata sifa duniani. Si ajabu: magurudumu madogo yenye meno ndiyo moyo wa saa na wa mashine hii pia.

Bobini na uzito wa chambo

Kila kitu kina inesha, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya mwendo wake. Chambo kikirushwa, hakina budi kuizindua bobini iliyotulia. Tuchukue mfano. Bobini pamoja na mshipi wake ina tungamo la gramu 20. Tukiihesabu kama mche duara uliojaa, inesha yake ni sawa na ya gramu 10 zilizo ukingoni. Kwa kuwa ukingo wa bobini na chambo vina kasi moja, nishati hugawanyika kwa uwiano wa tungamo hizo. Chambo cha gramu 5 hupata theluthi moja tu ya nishati. Theluthi mbili hupotelea katika kuizungusha bobini. Chambo cha gramu 20 hupata theluthi mbili.

Hapa ndipo uamuzi wa kwanza ulipo. Katika vijito baridi vya Nyanda za Juu Kusini, ambamo samaki aina ya trauti waliletwa wakati wa ukoloni, chambo huwa chepesi mno. Huko bobini isiyozunguka ndiyo bora, au bobini nyepesi sana iliyotengenezwa makusudi kwa vyambo vidogo. Katika Ruhudji ya bondeni, ambako hurushwa chambo kizito chenye kipande cha waya wa chuma mbele ya ndoana, bobini inayozunguka hufanya kazi yake barabara.

Tata na breki

Chambo kikiwa hewani, upinzani wa hewa hukipunguzia kasi. Bobini haikutani na upinzani huo, hivyo huendelea kuzunguka na kutoa mshipi mwingi kuliko unaohitajika. Mshipi uliozidi hujisokota na kuwa kama kiota cha ndege. Tata hiyo ndiyo iliyowakatisha tamaa wanafunzi wengi wa uvuvi huu.

Dawa yake ni breki, nazo ni za namna mbili. Katika ya kwanza, vipande vidogo ndani ya mashine husukumwa nje bobini inapozunguka, vikasugua kikombe. Kasi ikiongezeka mara mbili, mkandamizo wao huongezeka mara nne; kwa hiyo hukaza mwanzoni mwa mrusho na kulegea mwishoni. Katika ya pili, bobini ya alumini huzunguka karibu na sumaku. Sumaku haiivuti alumini, lakini mwendo huzalisha mikondo ya umeme ndani ya metali, nayo, kwa kanuni ya Lenz, hupinga mwendo ulioizaa. Breki hiyo hukua kwa kadiri ya kasi, na hurekebishwa kwa kusogeza sumaku. Anayeanza kujifunza achague mashine ambayo breki zake hurekebishwa kutoka nje bila kuifungua.

Gia

Namba kama 6:1 maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa mkono huzungusha bobini mara 6. Bobini yenye mzingo wa sentimeta 10 itakunja sentimeta 60. Mashine ya 7:1 itakunja sentimeta 70, lakini mkono utakuwa mzito zaidi samaki anapovuta. Hakuna mashine inayotoa kasi na nguvu kwa pamoja bila gharama.

Klachi

Samaki mkubwa akikimbia, klachi ya visahani vinavyosuguana huachia mshipi kabla haujakatika. Wavuvi wengi huikaza kwa robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Lakini tahadhari! Momenti ya msuguano haibadiliki sana, ilhali kipenyo cha mshipi uliobaki katika bobini hupungua kila samaki anapokwenda mbali. Nusu kipenyo kikipungua hadi nusu yake, mvuto katika mshipi huwa mara mbili. Klachi iliyokazwa kwa kilo 3 sasa inadai kilo 6. Kwa samaki mwenye mbio, basi, chagua bobini inayobeba mshipi wa kutosha na klachi inayoteleza bila kukwama.

Kabla ya kulipa

Jua kwanza utarusha chambo cha uzito gani na kwa samaki yupi. Kisha zungusha bobini na usikilize kama inakwaruza. Vuta mshipi taratibu, uone kama klachi inaachia sawasawa au kwa kushtuka. Mwisho, uliza kama vipuri vinapatikana. Mashine ya bei ya kati yenye vipuri ni bora kuliko ya fahari isiyo na fundi.

Zoezi kwa wanafunzi

Zoezi hili lifanyike uwanjani, si mtoni. Bonde la Kilombero lina mamba na viboko. Fungeni chubwi ya gramu 10 mwishoni mwa mshipi, bila ndoana, na mwenzenu yeyote asisimame mbele. Rusheni mara tano na kupima umbali kwa futi kamba. Rudieni kwa chubwi ya gramu 20. Kisha fungeni mizani ya springi kwenye mshipi na kupima mvuto wa klachi bobini ikiwa imejaa, halafu ikiwa nusu tupu. Chorani grafu. Je, majibu yenu yanakubaliana na hesabu za makala haya? Kama hayakubaliani, tafuteni sababu.