Kipimo cha Vinasaba vya Saratani ya Mlango wa Kizazi na Maana ya Majibu Yake

Kwa miaka mingi mwanamke aliyefika kituoni kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi amepimwa kwa siki. Mtoa huduma hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kwa dakika moja hivi, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Njia hii ni nafuu na majibu yake hutolewa papo hapo, lakini hutegemea mno jicho la mtazamaji. Tena, mwanamke akishakoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa huelekea kujificha ndani.

Kipimo cha vinasaba hutafuta kisababishi chenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya papiloma, maarufu kama HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huchangia takriban asilimia 70. Sampuli huchukuliwa kwa brashi ndogo au kijiti cha pamba, kisha mashine huzidisha vipande vya vinasaba vya virusi hadi vitambulike. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kupima makohozi ya kifua kikuu, huweza kukamilisha kazi hiyo kwa muda wa saa moja hivi. Lililo jema zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe ukeni, faraghani, bila kupanda kitanda cha uchunguzi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kiwe cha kwanza: kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni takriban mara sita zaidi, kianze wakiwa na miaka 25 na kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Majibu ndiyo yanayozua hofu. Kukutwa na virusi vya papiloma si kukutwa na saratani. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Vikidumu, kwa mwenye kinga imara, huweza kupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea; kinga ikiwa dhaifu, muda huo hupungua. Wala majibu hayo si ushahidi wa uzinzi. Virusi hivi huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, na hakuna kipimo kinachoonyesha viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Waume nao walifahamu hili.

Aliyekutwa na virusi huitwa kwa uchunguzi zaidi. Mabadiliko ya awali yakionekana, huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, kwa muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Asiyerudi kituoni baada ya kupewa majibu hunyimwa faida yote ya kipimo.

Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au mwenye uchafu ukeni wenye harufu mbaya, asisubiri zamu ya upimaji. Huyo afike kituo cha afya au hospitali mara moja achunguzwe na daktari.