Jinsi ya Kuipima Mota ya Mashine ya Kusaga kwa Mzigo Wake



Kila mkulima wa Usukuma ajua namna ya kumjaribu ng'ombe wa plau. Hamtii katika udongo mzito wa mbuga siku ya kwanza. Humwanzishia gogo jepesi, kisha lililo zito zaidi, huku akiutazama mwendo wake na pumzi zake. Na ng'ombe akizidiwa husimama, au hulala chini, na mwenyewe akajua kwamba mpaka umefikiwa.

Mota ya umeme haina desturi hiyo. Ikiongezewa mzigo haikatai. Huvuta umeme mwingi zaidi ili iendelee kuzunguka, hata nyaya zake za ndani zikaungua. Kwa hiyo mwenye mota ndiye apaswaye kuujua mpaka wake kabla ya mavuno, siyo siku ile ambayo akina mama wamepanga foleni na debe zao za mahindi. Maneno haya yanawahusu wenye mashine za kusaga wa Mkuyuni, na vikundi vyote vya Mwanza na pwani ya Ziwa Victoria vilivyoweka fedha zao katika mota moja.

JINSI MOTA INAVYOFANYA KAZI

Mota nyingi za mashine za kusaga ni zile ziitwazo mota za indaksheni. Asili yake ni kazi za Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla, walioieleza kila mmoja kwa njia yake mwaka 1888. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alitengeneza mota ya namna hiyo kwa umeme wa fezi tatu.

Umeme upitao katika koili zilizotulia huzaa sumaku izungukayo. Sumaku hiyo huamsha umeme katika fito za sehemu ya ndani, na sehemu hiyo hufuata kuzunguka. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, sumaku ya mota yenye ncha nne huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Lakini mhimili haufikii kamwe mwendo huo. Sharti ubaki nyuma kidogo, kwa maana ukienda sawa na sumaku, fito hazitapata umeme wala nguvu. Kubaki nyuma huko twaweza kukuita mtelezo. Mzigo ukiongezeka, mhimili huzidi kubaki nyuma, umeme wa fito huongezeka, nayo mota huvuta umeme mwingi zaidi katika waya. Ukilielewa jambo hili moja, kipimo chote kitakuwa chepesi.

VIFAA NA KAZI YENYEWE

Yakupasa kuwa na fundi wa umeme mwenye leseni. Usifungue kisanduku cha waya wewe mwenyewe. Fundi awe na mita ya kubana waya, isomayo ampea bila kukata waya, pamoja na kipimo cha volti, na takometa ya kuhesabu mizunguko. Wewe uwe na mizani, saa, daftari na magunia ya nafaka ya aina moja, iliyokauka sawasawa.

Kwanza, nakili yaliyoandikwa katika kibao cha mota: kilowati, volti, ampea na mizunguko. Pili, zungusha mota bila mkanda, uandike ampea za waya zote tatu. Tatu, funga mkanda, zungusha mashine tupu, uandike tena. Nne, fungua mlango wa nafaka robo, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha wote. Katika kila hatua ngoja mwendo utulie, ndipo uandike volti, ampea, mizunguko, na kilo za unga zilizotoka kwa dakika tano. Ampea zikipita zile za kibao, punguza nafaka mara moja.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mota ya kilowati 7.5, volti 400, yenye mizunguko 1,440 katika kibao. Mota ya kawaida ya ukubwa huu yatazamiwa kuonyesha hesabu za namna hii:

Bila mzigo: mizunguko 1,497, ampea 6.
Nusu ya mzigo: mizunguko 1,472, ampea 9.
Robo tatu: mizunguko 1,457, ampea 11 au 12.
Mzigo kamili: mizunguko 1,440, ampea 15.
Mzigo kamili na robo zaidi: mizunguko 1,422, ampea 18 au 19.

Tazama ampea kwa uangalifu. Mota isiyofanya kazi yo yote yavuta ampea 6 kati ya 15. Je, inafanya sehemu mbili katika tano za kazi? Hasha. Ampea nyingi kati ya hizo ni za kuiamsha sumaku tu, nazo hazisagi hata punje moja. Kwa hiyo ampea peke yake hudanganya wakati mzigo ni mdogo. Mtelezo ni shahidi mwema zaidi. Toa mizunguko uliyoisoma katika 1,500. Kisha toa ile ya kibao katika 1,500. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukisoma 1,470, mtelezo ni 30. Wa kibao ni 60. Basi mota imebeba nusu ya mzigo wake, madhali volti ni zile za kibao.

Mafundi watakao uhakika zaidi huondoa mashine na kufunga breki ya mkanda. Mkanda huzungushwa katika puli, na kila ncha yake hushikwa na mizani ya kuning'iniza. Tofauti ya mizani mbili kwa kilo, mara nusu-kipenyo cha puli kwa mita, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 974: jibu ni kilowati. Kilo 34 katika puli ya nusu-kipenyo cha mita 0.15, kwa mizunguko 1,440, ni kilowati 7.5. Breki hiyo hupata moto mkali, basi kipimo kiwe kifupi, na mtu asisimame mbele ya mkanda.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kwanza ni volti. Nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Volti zikishuka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu hubaki sehemu 81 katika 100. Mashine yataka kazi ile ile, basi mtelezo na ampea hupanda. Kwa hiyo fanya kipimo saa zile zile unazosaga, hasa jioni watu wa mtaa wanapotumia umeme mwingi. Kipimo cha asubuhi tulivu hakitoshi.

Pili ni fezi iliyokatika. Fyuzi moja ikiungua, mota iliyokwisha kuanza yaweza kuendelea kuzunguka kwa mngurumo, huku waya mbili zilizobaki zikibeba mzigo wa tatu. Ndiyo sababu twakuambia upime waya zote. Kama mojawapo yahitilafiana sana na wenziwe, simamisha kazi. Rilei ya kukinga nayo iwekwe kwa ampea za kibao. Mtu asiipandishe ili foleni imalizike upesi.

Tatu ni joto. Mota za kawaida hupimwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na hewa isiyozidi nyuzi 40. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134, nayo Mkuyuni iko juu yake. Hewa nyepesi hupoza pungufu kidogo kuliko hewa nzito, na mota iliyojazwa hadi ukingoni haina akiba ya kupoteza. Mafundi husema kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi mpaka wa koili hupunguza maisha yake kwa nusu hivi. Futa vumbi la unga katika mapezi na feni kila jioni.

Nne ni kuanza. Wakati wa kuanza mota huvuta ampea mara tano hadi nane ya zile za kibao. Mashine na iwe tupu. Kama mota yako huanza kwa sta-delta, nguvu yake ya kwanza ni theluthi moja tu. Ukiiacha nafaka ndani, itanguruma mahali pamoja na kuungua.

FAIDA YA DAFTARI

Soma pia uniti za LUKU kabla na baada ya kusaga kilo 100. Mara nyingi mota hutumia umeme vizuri zaidi ikiwa kati ya robo tatu ya mzigo na mzigo kamili. Mota kubwa mno kwa mashine ndogo ni hasara. Na mashine izungukayo tupu ikingoja wateja hula uniti bila kutoa unga. Afadhali kukusanya debe kadhaa, kisha kusaga mfululizo.

Mwezi ujao rudia kipimo kwa nafaka ile ile. Kama ampea zimepanda na unga umepungua, sababu yaweza kuwa nyundo zilizolika, chekeche iliyoziba, beringi kavu, au mahindi mabichi yaliyoletwa kabla ya kukauka. Tafuta kosa hapo kabla ya kuilaumu mota.

Mwisho, chora kwa rangi alama katika mlango wa nafaka mahali ambapo ampea zinafikia zile za kibao katika saa za volti ndogo. Mwonyeshe kila kijana aendeshaye mashine, umwambie sababu yake. Alama hiyo haigharimu kitu, nayo yaweza kukiokolea kikundi chako bei ya mota nzima.