Acheni Kumng'arisha Bibi Harusi

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wa Sudi, Mchinga na Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania, wanaotaka kuishi kwa kupiga picha za harusi huja na swali lile lile: ni programu gani ya simu inayong'arisha bibi harusi vizuri? Hawaulizi makubaliano yaandikwe vipi wala nani atapiga upande wa wanawake, ambako mwanamume haruhusiwi kutia mguu. Wanauliza poda. Swali hili limeoza mzizini, kwa sababu linachukulia kuwa ngozi nyeusi ni doa na kazi ya fundi ni kulifuta. Doa lipo kweli, ila liko kwenye kamera na kwa aliyeishika.

Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakimjui bibi harusi. Kinatazama kila kilicho mbele yake, kinakadiria wastani, kisha kinapanga mwanga ili wastani huo utoke kijivu cha kati. Shela na gauni jeupe vikijaza sehemu kubwa ya picha, kamera inadhani mwanga umezidi na inaupunguza: gauni linakuwa kijivu, uso unazama. Ikigeuziwa bwana harusi mwenye koti jeusi inafanya kinyume chake, na kanzu ya shahidi aliyesimama kando inaungua ikabaki doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Tatizo hili lina ukoo mrefu. Kwa miaka mingi maabara zilizotumia filamu za rangi za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu hizo ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani pichani. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi wa kuona gizani, kwa hiyo anayeendelea kutoa nyuso za masizi asiisingizie Kodak. Hajabonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, basi.

Sasa tazama dawa yenyewe inavyofanya kazi. Programu nyingi za kung'arisha haziijui ngozi, zinajua rangi. Zinatafuta machungwa na nyekundu, zinazipandisha mwanga. Ngozi yetu, hina na dhahabu vyote vinakaa kwenye eneo hilo hilo la rangi, kwa hiyo ngozi ikipauka hina inapauka nayo. Mikono ambayo bibi harusi aliituliza saa nzima akichorwa inatoka kama ameinawa, piko inabaki inaelea juu ya ngozi ya majivu, na mkufu wa dhahabu unafanana na wa plastiki. Programu zinazoutambua uso peke yake ni balaa zaidi: uso mweupe, shingo nyeusi, masikio ya mtu mwingine. Ongeza saa unazopoteza kwa kila picha, wakati ndugu wanapiga simu kila siku kuulizia albamu.

Mtanijibu kwamba mteja ndiye anayetaka. Msikilizeni vizuri. Mteja ameona picha za harusi ya dada yake, uso umekuwa kivuli chenye meno, naye anaomba asitoke vile. Anachotaka ni kuonekana. Mwonyesheni picha mbili za mtu mmoja, moja iliyopimwa mwanga usoni na nyingine iliyopauliwa, kisha mwacheni achague. Wapo watakaochagua weupe hata hivyo, sikatai. Lakini Sudi si mji wa kutafuta wateja kwa mabango. Albamu inapita mikononi mwa somo, shangazi na mawifi wanaoujua uso ule tangu utotoni, na sentensi moja tu, “huyu ndiye nani?”, inatosha kuwanyima kazi hadi Mtama. Wengine watasema mpambaji ameshampaka poda nyeupe tangu asubuhi. Kweli, na flashi ya moja kwa moja itaigeuza poda hiyo jivu. Ndiyo maana mpambaji anafuatwa siku chache kabla, si kulaumiwa baadaye.

Kilichobaki ni kifupi. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Sudi iko karibu na nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na harusi kufuata, jua la adhuhuri liko karibu utosini na linachimba mashimo meusi machoni. Mwingize mtu barazani, atazame nje. Flashi usiielekeze juu penye makuti au bati tupu, ielekeze kwenye ukuta wa chokaa au shuka jeupe, kamwe si kwenye kanga nyekundu. Weka faili ghafi na nakala mbili. Fedha za korosho huja baada ya mnada, kwa hiyo chukua kianzio, andikishianeni tarehe ya salio, na usipange mapato ya mwaka mzima kwa miezi mitatu ya harusi. Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iangalie kwenye kalenda kabla ya kukopa kwa ajili ya lenzi. Miezi isiyo na harusi ina picha za pasipoti na mahafali. Upande wa wanawake mfundishe mwanamke na umlipe kama fundi, maana huko ndiko hina, dhahabu na nusu ya albamu viliko. Na picha za huko zisitoke nje bila idhini: picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kaka zake bibi harusi hawatasubiri Tume inayosimamia sheria hiyo ikae.