Fahamu: Boti mbili zilizovuka milima kwenda vitani

Kila meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika inapotajwa kwenye habari za ukarabati, boti Mimi na Toutou husahaulika. Boti hizi za Uingereza zilikuwa za mbao, urefu wa mita 12 hivi, na mzinga mdogo mbele. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, Kongo, hadi Ziwa Tanganyika.

Desemba 26, kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson, mtu wa majigambo aliyependa kuvaa sketi, aliivizia meli Kingani ya Wajerumani kutoka nyuma. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu. Ikatekwa. Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Liemba, wakati huo Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai.